Tuta Lililoziba Bonde Letu

Sikatai kwamba malori yalikuwa yametuchosha. Nyumba ya mume wangu ilikuwa kando ya njia ya kwendea kivukoni, pale Garsen, na katika miaka ile ya hamsini, nikiwa mwanamke mchanga na mtoto wangu wa kwanza mgongoni, ukifungua mlango asubuhi unakutana na tairi. Kivuko kilikuwa kimoja, chombo cha kuvutwa kwa kamba, kinabeba lori moja, likishuka ng'ambo ndipo kirudi kuchukua jingine. Malori ya kutoka Malindi kwenda Lamu yalipanga foleni kuanzia mtoni hadi kupita msikiti. Nyuma yao yalikwama hata yale yasiyokuwa na haja ya kuvuka, yale ya kuufuata mto kwenda juu, Hola na Garissa, kwa sababu njia ilikuwa hiyo hiyo moja, nyembamba, huku nyumba huku migomba. Mvua ikinyesha lori moja likazama, basi yote yamezama.

Mataniboi wa malori hayo walijisaidia kwenye migomba yetu. Madereva waliomba moto, wakaomba maji, wakaomba chumvi, na wengine waliomba visivyoombwa. Mama mkwe wangu, mwanamke mfupi mwenye sauti ya kuvuka mto, alimmwagia mmoja maji ya kuoshea samaki, akamwambia, "Haya, baba, umeshaoga. Sasa rudi kwa mkeo."

Kwa hiyo tuliposikia kwamba wakubwa wa barabara watajenga njia nyingine ya kuzunguka nyuma ya mji, ili magari ya kwenda juu yapite zake bila kugusa foleni ya kivuko, tulifurahi. Hakuna mtu aliyekuwa na neno. Wajukuu zangu wakiniambia, "Nyanya, wewe hupendi maendeleo," nawaambia wakae chini wasikie, maana wao barabara wameikuta iko tayari na hawajui ilikanyaga nini.

Lazima nieleze ardhi yetu ilivyo. Anayeijua kwa kupita ndani ya gari haijui. Mto wetu umejijengea kingo zake mwenyewe. Kila mafuriko yanaacha matope ukingoni, mwaka juu ya mwaka, mpaka ukingo umeinuka kuliko nchi iliyo nyuma yake. Huko juu ukingoni ndiko kwenye nyumba, miembe, migomba na mahindi, na huko ni kwa wanaume. Ukiupa mto mgongo ukatembea kidogo, ardhi inashuka, unaingia bondeni, kwenye udongo mweusi wa kunata. Bonde ni la wanawake na mpunga. Mbegu tunaitia ardhini kwa manyunyu ya kwanza. Mpunga ukikaribia goti, maji ya mafuriko yanafika kutoka milimani, mbali huko tusikokujua, yanaingia kwenye mfereji tuliokata ukingoni, yanajaza bonde. Mpunga unasimama ndani ya maji na kunenepa. Maji yasipokuja, unanyauka umesimama.

Na mwanamke haolewi leo akapewa bonde leo. Kwetu unalima kwa mama mkwe na unakula chungu cha mama mkwe mpaka uzae. Mimi nilipotoka arobaini ya kwanza, mama mkwe alinichukua hadi bondeni, akakita jembe ardhini karibu na mahali mfereji unapoingilia, sehemu inayopata maji kabla ya nyingine zote. Akasema, "Kuanzia hapa mpaka kwenye lile shina bovu, ndio chungu chako. Usinirudie tena na sahani." Alikuwa amenipa kipande chake mwenyewe, kizuri kuliko vyote alivyokuwa navyo. Nilikiangalia nikahisi kama nimerefuka. Mwaka ule ndio ulikuwa uwe mwaka wangu wa kwanza kuvuna changu, nipike changu, na mtu akija nyumbani kwangu ale wali wangu. Na mwanamke aliyepewa bonde akashindwa kuvuna, akarudi kwenye chungu cha mama mkwe, husemwa visimani mpaka meno yamtoke.

Sasa, bwana wa kupima alikuja wakati wa kiangazi. Ndilo kosa la kwanza. Kiangazi bonde limechomwa, jeusi, limepasuka nyufa za kuingia mkono. Alikuwa Mzungu kijana mwenye chombo cha miguu mitatu, na karani wake wa kutoka Malindi aliyevaa viatu vyeupe. Wanaume wa mji waliandamana nao, wakiongozwa na baba mkubwa wa mume wangu, ndiye aliyekuwa msemaji wao. Mimi nilikuwa natoka kukata kuni, nikasimama na mzigo wangu kichwani kusikiliza.

Karani akauliza, "Bwana anataka kujua, hapa kuna miti ya mtu?"

Baba mkubwa akatazama kulia, akatazama kushoto. "Hapana. Hapa hakuna mti wa mtu."

Hakusema uongo. Wanaume wetu ardhi yao ni miti. Ukitaka kujua shamba ni la nani, unauliza huu mwembe alipanda nani, na ule mgomba ni wa uzao gani. Ukienda mbele ya wazee na kesi ya mpaka, ushahidi ni mti. Bonde la mpunga halina mti hata mmoja. Mipaka yake iko vichwani mwa wanawake, mama kamwambia mkwe, mkwe kamwambia mkwe wake. Mzungu aliuliza miti kwa kuwa alikuwa anatafuta miti ya kukata. Baba mkubwa akajibu miti kwa kuwa miti ndiyo aliyoijua. Nami nikasema kutoka chini ya kuni zangu, "Na mpunga je?"

Baba mkubwa akageuka polepole. "Mke wa mwanetu, unauona mpunga hapa?"

Wanaume wakacheka. Karani naye akacheka, na hakumtafsiria Mzungu neno. Walikita vigingi vyao, kitambaa cheupe juu ya kila kimoja, mstari ulionyooka kama uzi, katikati ya ukingo na bonde. Kigingi kimoja kilisimama kwenye mdomo wa mfereji wetu. Mama mkwe alipokiona alikitemea mate.

Tingatinga lilikuja baada ya Idi. Lilichimba udongo huku, likaumwaga huku, na vibarua wakausawazisha kwa mabeleshi na karai. Tuta likainuka mpaka kimo cha mtu mzima. Mume wangu mwenyewe alipata kibarua pale. Nilimpelekea uji mchana nikamkuta amesimama juu ya mfereji, karai begani.

"Unafukia chakula chako," nikamwambia.

"Nafukia nilipoambiwa nifukie."

"Na ukiambiwa ufukie mtoto?"

Alichukua uji akanipa mgongo. Simlaumu sana, alikuwa mtu wa maneno machache na kazi ilikuwa ngumu kupatikana. Lakini uji ule nilijuta kuutia sukari.

Tulikwenda wanawake kwa nyapara, bwana mmoja mnene mwenye filimbi shingoni. Mama mkwe ndiye aliyesema. Alimweleza mfereji, maji, mpunga, yote, kwa adabu ambayo sikujua kama anayo.

Nyapara akasema, "Mama, barabara kwanza, bomba baadaye. Tukimaliza tutapitisha bomba chini, maji yenu yapite."

"Mkimaliza mtapasua tena mlichojenga?"

"Ndivyo kazi inavyokwenda, mama."

"Mwanangu," akasema mama mkwe, "wewe huoga kabla ya kuvua nguo?"

Vibarua waliangua kicheko mpaka nyapara akapuliza filimbi yake. Hata hivyo aliapa. Aliapa kwa Mungu, mbele yetu, kwamba bomba litakuja. Tukamwamini, kwa sababu mtu akiapa kwa Mungu utamfanya nini?

Barabara ikafunguliwa. Na nitasema haki: mji ulitulia. Malori ya juu yalipita kule nyuma yakiacha vumbi, foleni ya kivuko ikapungua, asubuhi nikafungua mlango nikaona mto. Watu walisifu. Karani wa viatu vyeupe alikuja akatuuliza kama tumefurahi. Siku hiyo hiyo nilikuwa nimetia mbegu. Manyunyu yalikuwa yameanguka, na mimi nikapanda kipande changu kuanzia jembe la mama mkwe hadi lile shina, nikiamini bomba liko njiani. Mpunga ukachipua vizuri, kijani cha kumfanya mtu aongee peke yake. Kisha nyapara na filimbi yake, tingatinga na vibarua, wakahamia juu kuendeleza njia. Walipoondoka hawakuaga. Bomba hatukuliona.

Hasira hiyo hatukuwa nayo peke yetu. Nilikuwa na rafiki, mwanamke wa Kiorma, mke wa mfugaji. Alikuwa akiniletea maziwa ndani ya kibuyu kilichofukizwa moshi, nami nikimpa ndizi na mahindi. Kiswahili chake kilikuwa cha vipande, na changu wakati ule hakikuwa cha Lamu pia, lakini tulielewana kuliko watu waliosoma. Ng'ombe wao wakati wa ukame hushuka mtoni kwa njia yao ya zamani, ambayo sisi na wao tunaiita malka, na tuta lilikuwa limeikata hiyo nayo. Ng'ombe walilipanda kwa shida, wakateleza, mmoja akavunjika mguu.

"Hii mlima nani ameomba?" akaniuliza.

"Hakuna aliyeomba mlima. Tuliomba malori yaondoke."

"Malori imeondoka. Mlima imebaki."

Halafu maji yakaja. Yalikuja kama kawaida yake, mvua yetu ikiwa bado kidogo tu, mto ukabadilika rangi asubuhi, jioni ukapanda ukingo. Nilikimbia na mtoto mgongoni nikapanda juu ya tuta. Upande wa mto maji mekundu yalikuwa yamejaa, yamegonga udongo na kusimama, hayana pa kwenda. Upande wa pili mpunga wangu, umefika goti, umeanza kugeuka manjano ncha, ardhi chini yake inapasuka. Kati ya maji na mpunga palikuwa na upana wa barabara. Nimezika watu, nimefiwa na mume, lakini hasira kama ya siku ile sijaipata tena. Lori lilipita likanipigia honi nitoke njiani.

Na maji yale, yaliyozoea kushukia bondeni, yalipokosa njia yaligeuka kwenye mashamba ya ukingoni. Yakaingia mahindi. Yakaingia migomba, ikaanza kuinama. Ndipo wanaume wakakumbuka kuwa kuna tatizo. Baba mkubwa alimwendea chifu, akarudi na jibu kwamba wakubwa wataarifiwa, na kwamba atakayetia jembe kwenye barabara ya serikali atakwenda jela.

"Tusubiri," akasema baba mkubwa.

Mama mkwe akamjibu, "Wewe subiri, una meno machache ya kulisha."

Rafiki yangu alikuja na maziwa asubuhi iliyofuata akanikuta nimekaa juu ya tuta, pale penye mdomo wa mfereji. Akakaa. Akatazama maji, akatazama mpunga, hakuhitaji kuelezwa.

"Chimba," akasema.

"Nikichimba nitafungwa."

Akafikiri. "Ng'ombe inafungwa?"

Tukatazamana. Udongo wa pale ndio ulikuwa wa mwisho kumwagwa, haukushindiliwa vizuri, na sasa maji yalikuwa yameulowesha kutoka upande wa mto. Nilisimama nikakanyaga, mguu ukazama mpaka kifundo.

"Waambie wapite hapa," nikasema. "Wakienda kunywa, hapa. Wakirudi, hapa."

Alikwenda kusema na mumewe. Jua lilipokuwa limepanda vizuri nilisikia kengele za mbao shingoni mwa ng'ombe. Walipita kundi baada ya kundi, wakapanda, wakashuka, wakanywa, wakarudi, na vijana wao wakipiga miluzi kuwazuia wasitawanyike. Kwato zinafanya kazi ambayo jembe haliwezi. Udongo ulikatika, ukamomonyoka, ukashuka pande zote mbili. Kesho yake wakaja tena. Dereva mmoja aliyefika pale alisimama akatutukana sisi na ng'ombe na mama zao, na mama mkwe, aliyekuwa amekuja na kigoda chake kutazama, akamwambia, "Pita basi, si ndiyo maendeleo." Akapita, na magurudumu yake yakazidisha shimo.

Mchana huo maji yalianza kupita. Kwanza yalikuwa membamba kama ukambaa. Yakatambaa katikati ya nyayo za ng'ombe, yakafika upande wa pili, yakadondoka. Halafu yakachukua udongo, yakachukua mwingine, na tuta likafumuka kwa sauti kama mtu anayepasua shuka. Ng'ombe walikimbia. Maji yaliingia bondeni yakipiga povu, yakaufikia mpunga wangu mbele ya mpunga wowote, na wanawake waliokuwa pale wakapiga vigelegele mpaka ukingoni wanaume wakatoka majumbani.

Tuta lilifumuka zaidi ya tulivyotaka. Pengo lilikuwa pana kama nyumba. Malori ya juu yakasimama upande huu na upande ule, mengine yakageuka kurudi mjini, na foleni ikawa mbaya kuliko ile tuliyokuwa tukiilalamikia. Yule Mzungu kijana wa kupima alifika na karani wake, chifu na askari. Baraza likafanyika pale pale juu ya tuta, juani, injini za malori zikinguruma.

"Nani amefanya hivi?" akauliza Mzungu, karani akitafsiri.

"Ng'ombe," wakasema watu.

Akatikisa kichwa. Akasema kama ni ng'ombe, basi ng'ombe hawatapita tena hapa. Malka hii imefungwa. Wafugaji watanywesha juu, mbali, kule kusiko na barabara, na ng'ombe atakayeonekana hapa atakamatwa. Rafiki yangu alikuwa amesimama kando na kibuyu chake. Sijui alielewa kiasi gani, lakini nilimwona mumewe ameinamisha kichwa.

Nikasema, "Hao ng'ombe niliwaita mimi."

Baba mkubwa akanong'ona, "Nyamaza, mke wa mwanetu."

"Siku ya kupima ulinifanya nichekwe mbele ya watu. Leo acha nimalize." Nikamgeukia karani. "Na wewe leo tafsiri. Mwambie aliuliza miti, hakuuliza chakula. Mwambie lile ni bonde, lile ni langu, na yule mwanamke wa maziwa hana kosa. Mwambie wanijie mimi."

Karani alitafsiri, au alisema kitu. Mzungu alinitazama kama mtu anayetazama mbuzi aliyeongea. Hakunifunga. Ningefungwa ningejua walau amenisikia. Alisema tuta lijazwe, vibarua wako mbali, kwa hiyo wanawake wa mji watabeba udongo, na ng'ombe wataondoka.

Tulileta vikapu vyetu. Tukavifudikiza, tukavikalia.

"Bomba kwanza," akasema mama mkwe.

Chifu alitutisha. Askari wakatuzunguka. Wakati huo nyuma yao dereva mmoja aliyekuwa na shehena ya samaki alishuka akasema kwa sauti, "Bwana, wape bomba lao, samaki wangu wananuka," na madereva wengine wakaitikia. Tulikaa pale tukipika na kunyonyesha juu ya vikapu, na maji yakiendelea kuingia bondeni, jambo ambalo halikutukera hata kidogo. Mwisho Mzungu akaagiza, lori likafika kutoka Malindi na bomba la saruji.

Bomba moja, kwa bonde zima, mdomo wake mtoto angeweza kuuziba kwa kukaa. Walililaza mahali pa mfereji, tukabeba udongo, tuta likafungwa. Kwa miaka mingi vipande vya mwisho vya bonde, vya wanawake walio mbali na mfereji, vilikuwa vinapata unyevu tu. Wawili waliacha mpunga kabisa wakahamia kwa ndugu zao Ozi, kule chini karibu na bahari. Kuhusu malka, hawakubadilisha neno. Njia ambayo babu zao waliipita kabla Mzungu hajazaliwa ilifungwa na mtu aliyekaa pale muda wa kuvuta sigara.

Mimi nilivuna. Si mavuno ya kujivunia, upande wa shina lile ulikuwa mapepe, maganda yasiyo na punje, lakini kilichobaki nilikipura, nikakitwanga, nikakipika kwenye chungu changu, na mama mkwe alikuja akala kwangu. Alikula mpaka ukoko. Hakusifu, hakuwa mtu wa kusifu. Aliniambia chumvi imezidi.

Maziwa yalikuwa yameacha kuja. Nikajaza kikapu mpunga, nikamfunga mtoto, nikafuata mto kuelekea juu mpaka walikohamia kunywesha. Nilifika miguu imevimba. Rafiki yangu alinikaribisha kivulini mwa kibanda chake cha fito na mikeka, akanipa maziwa, akamshika mtoto akamwona amenenepa.

"Mpunga yako imepata maji," akasema.

"Imepata."

"Ng'ombe yangu inatembea sana."

Alisema bila hasira, kama anayetaja jua. Nilifungua kikapu nikaanza kummiminia mpunga kwenye mfuko wake wa ngozi. Ukajaa, ukafika shingoni, ukaanza kumwagika juu ya mkeka, nami nikaendelea kumimina, naye akiutazama unamwagika, hakuniambia basi.